Ujumbe wa Wilfrida

Juzi baada ya ibada hapa Kisian, msichana mmoja aliyeajiriwa karibuni katika ofisi fulani mjini aliniuliza nilikuwa nikifanya kazi gani kabla ya kustaafu. Nikamwambia nilikuwa napokea simu. Akanitazama, akangoja niendelee. Nilipoona bado anangoja, nikamwambia, "Ndiyo hiyo. Nilikuwa napokea simu kwenye kiwanda cha samaki mjini Kisumu."

"Kupokea tu, Mama?"

"Kupokea, na kuhakikisha maneno yamemfikia mwenyewe."

Alitabasamu kwa heshima, lakini niliona hakushawishika. Siwezi kumlaumu. Nyinyi vijana simu zenu ziko mfukoni, mna magrupu ya WhatsApp ya kila idara, na bosi akiandika neno moja linaonekana na watu wote kwa mpigo. Mkisikia mtu alilipwa mshahara miaka yote kwa kusema "subiri nikuunganishe," mnaona ni mambo ya kale. Basi kaeni niwaeleze ilivyokuwa, maana nikisikia malalamiko yenu ya ofisini naona ni yale yale yetu, yamebadilisha nguo tu.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuhura, mama wa Kiislamu wa pale Kaloleni, ambaye babu yake alikuja Kisumu kutoka pwani enzi za reli. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Changu kilikuwa cha kubahatisha, nimetoka nacho shule, na kila nilipokwama niliingiza Dholuo. Bi Zuhura hakunicheka. Alichokuwa hakubali ni uvivu wa masikio. Mtu akipiga simu akasema, "Mwambieni Otieno ng'ombe amezaa," mimi naandika, nashukuru, nakata. Bi Zuhura ananiuliza, "Sasa Otieno akishajua ng'ombe amezaa, wanataka afanye nini?"

"Sijui."

"Mpigie tena umuulize."

Nikapiga. Yule mzee upande wa pili akafikiri kidogo, akasema, "Hapana, hakuna kitu. Nilitaka tu afurahi."

Bi Zuhura akafurahi kuliko Otieno mwenyewe. "Umeona? Sasa ukimpelekea, mpelekee kama habari ya furaha. Bila hivyo angeomba ruhusa akimbie nyumbani."

Ndivyo alivyonifundisha. Rudia maneno mbele ya aliyeyasema, asikie mwenyewe kama ndiyo. Uliza kinachotakiwa. Usiongeze chumvi yako. Na kwa habari ya msiba au ugonjwa alikuwa na utaratibu wake ambao hakuubadilisha kwa mtu yeyote, awe mfagiaji au mkubwa: kwanza unamwondolea kilichoko mkononi, pili unampa mahali pa kukaa, tatu unasema, na husemi kwa kuzunguka. Kwenye kiwanda kilichojaa visu vyenye makali, hiyo ya kwanza ilikuwa muhimu sana.

Nilipozoea, nikaanza kuona jambo ambalo hata Bi Zuhura hakuwa amelitaja. Niliona kwamba maneno yanayotoka juu yakishuka huwa makali zaidi, na yanayotoka chini yakipanda huwa matamu zaidi. Wakati mmoja fundi wa mitambo alipiga simu ya ndani akasema mlango wa chumba cha baridi umekufa, haufungi kabisa. Msimamizi wake alipopeleka habari hiyo, alisema mlango unasumbua kidogo. Naibu meneja naye akasema mlango unahitaji kuangaliwa. Meneja alipoulizwa na wenye kiwanda, aliwahakikishia kwamba mlango uko chini ya uangalizi. Hakuna hata mmoja aliyedanganya. Kila mmoja alipunguza uchungu kidogo tu, na samaki wakaharibika.

Kushuka nako kuna vituko vyake. Walikuja wageni kutoka ng'ambo, wanunuzi, na meneja wa wakati huo akaagiza kwamba samaki wa wageni asiguswe na mtu. Alikuwa na maana ya wale mbuta waliopangwa kwenye barafu ili wageni wawakague. Agizo lilishuka hadi jikoni, likafika likiwa limegeuka: wageni hawagusi samaki. Mpishi wetu, mama mwenye roho safi, akaenda sokoni kununua kuku. Saa ya chakula wageni waliketi, watu waliovuka bahari kwa ajili ya samaki wa ziwa letu, wakawekewa kuku na ugali. Mmoja wao akauliza kwa upole kama sisi wenyewe huwa tunakula samaki wetu. Meneja alibadilika rangi. Sisi tulicheka kwa miezi.

Lakini kuna siku ambayo hatukucheka, na hiyo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Wakati huo Bi Zuhura alikuwa amestaafu na mimi nimekalia kiti chake. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaenea, kila mtu anayo, lakini kwenye ukumbi wa kukatia samaki zilikatazwa kwa sababu ya usafi. Wafanyakazi walizifungia kabatini wakivaa aproni na gambuti, hadi mwisho wa zamu. Kwa hiyo nyumbani kukiwa na jambo la haraka, watu walipiga simu ya kiwanda, nami napiga simu ya ndani kwa msimamizi wa ukumbi, Bwana Ouma.

Ouma alikuwa mtu wa Nyakach, mnyamavu, mchapakazi, mwenye sauti ya chini hata mashine zikiwa zinanguruma. Hakuwa mtu mbaya. Kumbukeni hilo, kwa sababu mkifika katikati ya hadithi mtataka kumchukia.

Wilfrida alikuwa mmoja wa wanawake wa kukata minofu. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi pia, meza yake haikukosa kicheko. Mume wake alikuwa kazini Nairobi, na binti yao mdogo, Mercy, aliishi Asembo Bay na nyanya yake, yaani mama mkwe wa Wilfrida. Mama huyo na Wilfrida hawakupatana sana. Mama mkwe aliona mke wa mwanawe anapenda mji kuliko boma. Wilfrida aliona mshahara wake ndio unaolisha hilo boma. Yalikuwa maneno ya kawaida ya familia, hayajafika pabaya.

Asubuhi moja simu ililia, nikasikia sauti ya mama mtu mzima anayezungumza Dholuo kwa pumzi fupi. Alikuwa hospitalini pale pale Kisumu. Mercy alipandwa na homa tangu alfajiri, akashikwa na degedege, wakamkimbiza kwa gari la jirani anayepeleka samaki sokoni. Sasa alikuwa amelazwa wadi ya watoto.

"Unataka Wilfrida afanye nini, Mama?" nikamuuliza, kama nilivyofundishwa.

"Aje. Mtoto anamwita. Anamwita yeye, haniiti mimi."

Nilimrudishia maneno yote, jina la mtoto, wadi, kwamba anatakiwa aje sasa. Akasema ndiyo. Nikapiga ukumbini, Ouma akapokea mwenyewe. Nikampa ujumbe wote, akasikiliza, akasema, "Imefika, Madam Perez."

Nikaendelea na kazi. Siku hiyo simu zilikuwa nyingi kwa sababu kulikuwa na lori la kupeleka mzigo uwanja wa ndege, na wanunuzi walikuwa wakipiga kila mara. Meneja wetu, Bwana Mutua, Mkamba aliyekuja kwetu mwaka uliotangulia, alikuwa amejifungia ofisini akizungumza nao. Baada ya chakula cha mchana nilipata nafasi, nikampigia Ouma tena.

"Bwana Ouma, yule Wilfrida alikwenda?"

"Nimeshughulikia, Madam."

Mimi nikasikia ameenda. Nanyi mngesikia hivyo hivyo.

Jua lilipoanza kulegea, simu ikalia. Ilikuwa sauti ile ile, lakini sasa haikuwa na haraka yoyote. Ilikuwa imechoka.

"Huko kwenu," akasema, "hakuna mtu aliyezaliwa na mama?"

Nilivaa gambuti na kofia nikashuka ukumbini mwenyewe. Wilfrida alikuwa mezani kwake. Alikuwa akimsimulia mwenzake kitu, nusu ya uso wake inacheka, na kisu kinapita kwenye mgongo wa samaki bila yeye kukitazama. Nilisimama karibu naye, nikanyoosha mkono. Akadhani nataka kuona minofu. Nikashika mpini wa kisu, nikakitoa taratibu kwenye vidole vyake. Hapo akaacha kucheka.

Nilimwekea kreti tupu, akakaa. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu. "Ni sasa hivi wamepiga?"

Nikamwambia walipiga asubuhi.

Aligeuka akamtazama Ouma, aliyekuwa amesimama kando ya mizani. Ouma akatazama sakafu. Mlango wa kupakilia ulikuwa wazi, na lori lilikuwa bado liko pale pale, dereva amelala kwenye usukani, karatasi za mzigo bado hazijapigwa mhuri.

Tulichukua tuktuk, mimi na yeye, akiwa na aproni yenye magamba kwa sababu alikataa kupoteza muda wa kuivua. Kutoka kiwandani hadi hospitali si mbali, na hilo ndilo lililomuumiza. "Ningetembea," alikuwa akisema. "Madam, hapa ningetembea tu."

Mercy alikuwa hai. Degedege ilikuwa imemshika mara nyingine baada ya kufikishwa, lakini dawa zilikuwa zimeanza kufanya kazi, na sasa alikuwa amelala na sindano ya maji imefungwa kwenye mkono mdogo. Kando ya kitanda, kwenye benchi, alikaa nyanya yake. Wilfrida alipoinama kumgusa mtoto, yule mama hakusogea.

"Mama, nimekuja," Wilfrida akasema.

"Nimeona."

"Sikujua."

"Nilipiga asubuhi. Uliambiwa asubuhi, ukaona samaki ni bora."

Niliona niingilie kati. Nikasema, "Mama, hakuambiwa. Mimi ndiye niliyepokea simu yako. Nakuapia hakuambiwa."

Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyerudia maneno yangu yote, moja moja, mpaka nikasema hawa ni watu wa maana. Sasa ulikuwa unayarudia ya nini?"

Nimefikiria swali hilo miaka mingi, na ninawapa nanyi mlifikirie. Nilikuwa nimefanya yote niliyofundishwa. Ujumbe ulikuwa sahihi hadi herufi ya mwisho, na ulikuwa umefika. Tatizo ni kwamba "imefika" haikuwa imesema imefika wapi. Ilikuwa imefika kwa Ouma, ikakaa hapo.

Kesho yake Wilfrida hakuja. Wenzake walikuja wote. Walivaa aproni na kofia, wakanawa mikono, wakasimama kila mtu kwenye meza yake, na hakuna aliyegusa kisu. Hawakuimba wala kuzozana. Samaki waliletwa, wakakaa mbele yao kwenye barafu, barafu ikaanza kuyeyuka.

Sasa tazameni jinsi habari hiyo ilivyopanda. Ouma alimwambia naibu meneja kwamba kina mama wamekasirika kwa sababu ya yaliyompata Wilfrida. Naibu akampigia meneja akasema kuna kutoelewana kidogo ukumbini kuhusu mambo ya ruhusa. Bwana Mutua, aliyekuwa na wanunuzi wa kuwajibu, akasikia "ruhusa," akadhani ni wale wanaotaka likizo za Desemba. Akaagiza ibandikwe tangazo kwamba asiyefanya kazi ahesabiwe hakufika. Karani wake alinipigia kuniuliza "wasiohudhuria" linaandikwaje.

Nilimwambia asiandike kwanza. Nikaenda kugonga mlango wa meneja.

Bwana Mutua hakuwa amelala vizuri, macho yalikuwa mekundu. "Madam, kama ni habari ya likizo, ongea na naibu."

"Si likizo, bwana. Ni mtoto wa Wilfrida."

"Wilfrida ni nani?"

Nikamweleza yote, tangu simu ya kwanza hadi benchi la hospitali. Aliacha kalamu. Nilipofika mahali pa Ouma kumficha ujumbe, akanikatiza.

"Alimficha kwa nini?"

"Wanasema ni amri yako. Hakuna mtu kuondoka kwenye meza mpaka lori liondoke."

"Mimi?" Akasimama. "Mimi sijasema hivyo. Nilimwambia karani mtu asinisumbue mpaka lori liondoke. Asinisumbue mimi. Hapa ofisini."

Tulimwita karani. Akasema alichoambia ukumbi ni kwamba meneja hataki usumbufu wowote mpaka lori liondoke. Tukamwita Ouma. Ouma akasema alichowaambia wafanyakazi ni kwamba mtu asiondoke kwenye meza, kwa sababu mtu akiondoka ndio usumbufu wenyewe. Maneno yalikuwa yamepita midomo mitatu tu, jengo moja, asubuhi moja.

Bwana Mutua alimgeukia Ouma, na uso wake ukawa wa mtu aliyepata wa kumlaumu. Nilijua kinachokuja. "Bwana Ouma, hata kama mimi ningesema hivyo, mtoto anaumwa. Huna akili yako mwenyewe?"

Ouma akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Ninayo, bwana. Mwaka jana, ulipokuja tu, mke wa Okello alishikwa na uchungu wa kuzaa. Nikamruhusu Okello aache meza aende. Meza yake ikabaki nyuma, mzigo ukachelewa. Ulinisimamisha mbele ya watu wote, ukaniuliza ni nani anayeendesha kiwanda hiki, ni mimi au ni wake za watu. Nakumbuka maneno yenyewe. Siku hiyo ulinifundisha, bwana, na mimi nikajifunza."

Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu anayejibu alichoulizwa.

Bwana Mutua alikaa tena. Alitazama dirishani, upande wa ziwa, na mimi nilidhani atatufukuza sote watatu. Alipogeuka, alimwuliza Ouma, "Ulikuwa umepanga kumwambia saa ngapi?"

"Lori likiondoka. Nilijua litaondoka kabla ya chakula. Kila nikitazama, halijaondoka. Na kila lilivyokaa, ikawa vigumu zaidi kumwambia, kwa sababu angeniuliza kwa nini sikumwambia mwanzo."

Vijana, hapo ndipo nilipomhurumia. Kwa sababu nani kati yetu hajawahi kushika neno ambalo lilikuwa rahisi saa tatu, likawa zito saa sita, na saa kumi halisemeki tena? Nimewaona wasomi na wasiosoma, wakubwa na wadogo, wote wakikwama mahali hapo. Ujumbe unaocheleweshwa haukai kama ulivyo. Unavimba.

Bwana Mutua akasema tushuke. Njiani naibu alitaka kutangulia kuwatuliza watu, akamwambia, "Hapana. Leo nitaongea mwenyewe." Kisha akaniambia, "Madam, Dholuo changu ni cha salamu. Nikisema, wewe watafsirie. Usinipambie."

Alisimama katikati ya ukumbi na viatu vyake vya ofisi, maji ya barafu yakimwingia. Akasema, "Jana mwenzenu alifichwa habari ya mtoto wake. Amri iliyomficha ilitoka kwangu. Sikuisema kwa namna hiyo, lakini nilisema kwa ufupi kisha nikafunga mlango, kwa hiyo hakuna mtu aliyeweza kuniuliza nilikuwa na maana gani. Hilo ni langu."

Nikatafsiri kama alivyosema. Mama mmoja mtu mzima, Mama Atieno, aliyekuwa pale tangu kiwanda kinafunguliwa, akamjibu kwa Kiswahili, hakunihitaji.

"Na huyu Ouma?"

"Ouma alikuwa ananiogopa mimi."

"Sisi pia tunakuogopa," Mama Atieno akasema. "Na sisi tungemwambia."

Ouma alilipokea hilo bila kuinua macho. Meneja pia hakumtetea, na nilimheshimu kwa kutomtetea, kwa sababu lilikuwa neno la kweli na lilikuwa limefika kwa mwenyewe. Alichosema ni kwamba kuanzia siku hiyo, simu ya nyumbani ya mfanyakazi yeyote haisubiri lori, haisubiri wageni wala yeye mwenyewe. Msimamizi ataipeleka kwa miguu yake hadi mezani, na mfanyakazi aliyepelekewa ujumbe ndiye atakayepiga simu ya mapokezi kuniambia amesikia. Asipopiga, mimi nashuka.

"Na meza ikibaki nyuma?" akauliza mtu.

"Ikibaki nyuma, wanunuzi nitaongea nao mimi. Ndiyo kazi yangu."

Kina mama walitazamana. Mama Atieno alichukua kisu chake, akakijaribu makali kwenye ukucha, akavuta samaki wa kwanza. Wengine wakamfuata. Haikuwa sherehe. Ilikuwa kazi imeanza.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mchana Ouma alikuja mapokezi, amevua aproni, amevaa shati lake la kwenda nyumbani. Akaniuliza wadi ni ipi. Nikamwambia nitakwenda naye, na Bwana Mutua alipotuona tukitoka, akaingia kwenye gari pamoja nasi bila kuuliza.

Mercy alikuwa ameamka, amekaa kitandani akinyonya kipande cha ndizi. Wilfrida na mama mkwe wake walikuwa kwenye benchi moja, kila mmoja kwenye ncha yake, katikati pangeweza kukaa watu wawili. Nilivyosikia baadaye, walikuwa wamelala hivyo na kuamka hivyo.

Bwana Mutua alisalimia, akatoa pole. Yule mama alipokea pole kama anavyopokea mtu wa ofisi, kwa adabu na bila joto. Kisha Ouma akasogea mbele. Akachuchumaa ili asiongee na mama mtu mzima kutoka juu, akamwambia kwa Dholuo.

"Mama, mimi ndiye niliyeambiwa. Asubuhi uliyopiga, maneno yako yalikuja kwangu, nikayaweka. Huyu mke wa mwanao alikuwa hatua chache mbele yangu, anacheka na wenzake, hajui kitu. Ukitaka mtu wa kukasirikia, ni mimi, si yeye."

Mama yule alimtazama sana. "Wewe una watoto?"

"Ninao wanne."

"Na mama yao akifichwa hivyo?"

"Ndiyo maana nimekuja," Ouma akasema.

Yule mama akamgeukia Wilfrida. "Kwa nini hukuniambia kwamba hukuambiwa?"

"Nilikwambia, Mama. Jana, nikiingia."

"Ulisema hukujua. Watu wote husema hawakujua."

"Ningesema zaidi ungeniamini?"

Yule mama alifikiri kabla ya kujibu, na mimi hadi leo nampenda kwa hilo. "Hapana," akasema. "Nisingekuamini." Kisha akasogea kwenye benchi hadi akawa karibu naye, akachukua maganda ya ndizi kutoka mkononi mwa Wilfrida akayatupa, kama mtu anayempunguzia mwingine mzigo. Baada ya muda akamwuliza Ouma kama amekula. Hakuwa amekula. Akatoa viazi vitamu kwenye kikapu, akatugawia wote, hata meneja, aliyevila vikiwa baridi, amesimama, na tai shingoni.

Wilfrida alirudi kazini mtoto alipopata nafuu. Alimsalimia Ouma kwa ufupi, naye akajibu kwa ufupi, na kwa siku kadhaa ilikuwa hivyo. Sitawadanganya kwamba walikumbatiana. Utaratibu mpya nao haukuwa mtamu kwa kila mtu. Naibu alilalamika, mizigo mingine ilichelewa, na Bwana Mutua alilazimika kuongea na wanunuzi kama alivyoahidi, mara nyingine kwa sauti ambayo tuliisikia hadi mapokezi. Lakini alianza pia kuniita na kuniuliza, "Madam, nilichosema asubuhi, huko chini kimefika kikiwa vipi?" Wakubwa wengi niliofanya nao kazi waliuliza kama watu wameelewa, na wote waliambiwa ndiyo. Yeye alitaka kusikia kile walichoelewa. Mkipata vyeo, na mtavipata, ulizeni hivyo.

Kisha asubuhi moja simu ililia. Nilitambua sauti kabla hajajitaja.

"Mama wa Asembo, kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema. "Mwambie Wilfrida kwamba Mercy ameamka vizuri, amekula ugali na omena, na sasa anafukuza kuku."

"Na unataka afanye nini, Mama?"

Nadhani alikuwa akitabasamu. "Hakuna. Nataka kujua tu kama itafika."

Nikapiga ukumbini. Ouma akapokea, akasikiliza hadi mwisho, hata ile ya kuku. Safari hii hakuniambia imefika. Akasema, "Subiri," akaiacha simu ikiwa wazi juu ya meza. Nikasikia gambuti zake zikikanyaga maji, zikienda mbali, katikati ya mlio wa mashine, na lori lingine likinguruma mlangoni likingoja mzigo. Nikasikia sauti yake ya chini, sikushika maneno. Kisha ukumbi mzima ukacheka, na kicheko cha Wilfrida kikiwa juu ya vyote. Baadaye gambuti nyingine zikaja, nyepesi zaidi, mtu akainua mkonga wa simu.

"Madam Perez," akasema. "Nimesikia."